Sorry, pole na samahani

Watoto wetu hapa Lackawanna wanalijua neno "sorry" kabla ya kujua kuandika majina yao. Bibi akiumwa mgongo, mjukuu humwambia, "Bibi, sorry." Naye bibi huuliza, "Kwani umefanya nini tena?"

Neno hilo katika Kiingereza cha kale lilikuwa sārig: mwenye maumivu. Ni ndugu wa "sore", panapouma. Wengi hudhani limetoka kwenye "sorrow", huzuni, lakini hayo ni maneno ya asili mbili yaliyokuja kufanana. Basi mwanzoni msemaji alisema tu, nami naumia. Kukiri kosa kulikuja baadaye, kukapanda juu ya neno lile lile.

Sisi tuligawa kazi. Pole ni ya upole, haina mshtakiwa. Samahani tuliipata kwa Waarabu, na anayeisema anaomba kusamehewa. Ndiyo maana tukimwambia jirani Mmarekani aliyefiwa "I'm sorry", wakati mwingine hutujibu kwamba si kosa letu. Tulitaka kumpa pole, yeye akasikia samahani.

Sisi manesi tunaijua hofu hii kazini: ukisema sorry kando ya kitanda, je, umekubali kosa? Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria kwamba maneno ya huruma baada ya ajali yasitumike mahakamani kama ushahidi wa kosa. Hebu fikirini, sheria ya kumruhusu mtu kusema pole!

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hiyo ilikuwa pole kamili. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kutafuta kosa ni la nani.

Lakini tusijisifu mno. Pole nayo ina maficho yake. Baba amemchapa mtoto asiye na kosa, ukweli ukajulikana jioni, naye anasema, "Pole, mwanangu," kana kwamba kiboko kilianguka chenyewe kama theluji ya Ziwa Erie. Je, pole hiyo inatosha? Sisi twasema hapana. Aliyeumiza anadaiwa samahani, hata kama ni mzazi, hata kama kwetu mkubwa hakuzoea kuitamka mbele ya mdogo. Mtoto aliyesoma shule za hapa anangoja kusikia nani alifanya nini.