WATOTO WETU WA SHULE NA VILEVI

Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwetu wako wengi waliowapeleka wana wao bara kusoma, na baadhi yao wako Eldoret, mji ulio mbali na Mombasa kwa zaidi ya kilomita 750. Mzazi hulipa karo, hununua sanduku na godoro, humpandisha mwanawe basi, kisha hurudi barazani akiona amekwisha kutoka katika dhima. Sisi twasema dhima haijamtoka, kwani katika Suratut Tahrim Mwenyezi Mungu amemuamrisha muumini awakinge watu wa nyumba yake na Moto, wala hakumwambia kuwa mwalimu wa bweni atamkingia.

Eldoret ni mji wa elimu. Lakini ni mji huo huo ambao katika barabara zake wameonekana, kwa miaka mingi, watoto wenye chupa za gundi ya viatu puani. Gundi hiyo mara nyingi huwa na dawa iitwayo toluini. Mvuke wake hufika katika ubongo kwa muda mchache, ukamsahaulisha mtoto njaa na baridi, na mwenye kuuzoea huharibika akili. Kuuza gundi si haramu, kwani fundi viatu aihitaji. Kwa hivyo mwanafunzi huipata kwa wepesi kuliko pombe. Na iko kuber, tumbaku ya vipakiti, ambayo mtoto huiweka ndani ya mdomo, mwalimu asisikie harufu ya moshi.

Wako watakaosema: Suratul Maida imetaja khamri, haikutaja gundi. Jee, hawakusoma? Mtume (s.a.w.) amekiingiza kila chenye kulevya katika hukumu ya khamri, na katika hadithi ya Bibi Ummu Salama aliyoipokea Abu Daud, amekataza pamoja na kilevi kila chenye kulegeza mwili.

Lakini maneno yetu leo hasa ni kwa mwenye duka. Mtume hakumlaani mnywaji peke yake; alitaja watu kumi, na ndani yao muuzaji, mchukuzi na mwenye kula thamani yake. Basi yule ndugu yetu afungaye duka adhana ikilia, naye kabla ya adhana amemuuzia kijana mwenye sare gundi au kuber, yuko wapi katika hesabu hii? Hata sheria ya nchi imemtangulia: ile ya tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na kuber ni tumbaku, na ile ya vileo ya mwaka 2010 yakataza leseni ya kilabu cha pombe ndani ya mita 300 za shule.

Na baba jee? Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku mogoka, mahkama ikaisimamisha amri hiyo. Wako walioisifu marufuku mchana, na usiku wakatafuna mbele ya wana wao. Mtu huyo atampa mwanawe nasaha gani kwa simu?

Shule nazo zina haraka ya kufukuza. Kijana wa pwani aliyefukuzwa Eldoret hana jamaa hapo. Wenyeji wake ni wale wa barabarani. Hospitali ya Rufaa ya Moi, mjini humo, ina kitengo cha kuwatibu walioshikwa na vilevi. Mzazi aliyepata barua ya shule na apande basi mwenyewe, azungumze na mwalimu mkuu, ampeleke mwanawe huko akatibiwe, kabla ya kumrudisha pwani ambako unga unamngoja vichochoroni.