Darsa ya Ramadhani, siku ya 12: Hasira na mahali pake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mtu akichomwa na mwiba wa samaki, baada ya siku chache mguu huvimba, ukatoa usaha. Usaha ule si uchafu tu. Ndani yake wamo askari waliokufa vitani: seli nyeupe za damu.

Silaha yao ni ya ajabu. Huchukua oksijeni, hewa hii tunayoivuta, wakaigeuza sumu. Mwisho wake hupatikana asidi ile ile inayoua vijidudu katika maji tuliyotia klorini. Subhanallah! Tunatembea na silaha hiyo mwilini na hatuungui. Vipi? Seli ikiwa imetulia, vipande vya mtambo huo hukaa mbalimbali. Ikipata dalili ya adui kwa mbali, hujiweka tayari tu. Ikishammeza, ndipo humiminia sumu kwa nguvu, ndani ya kifuko alimofungiwa. Kila kichocheo na kiasi chake.

Wapo watoto waliozaliwa seli zao haziwezi kutoa sumu hii. Huandamwa na maradhi mazito. Na sumu ikimwagika ovyo, huunguza nyama ya mwenyewe.

Na hasira ndiyo hivyo hivyo. Allah hakututia bure. Bibi Aisha (r.a.) ametuhadithia kuwa Mtume (s.a.w.) hakulipiza kisasi kwa ajili ya nafsi yake, ila mipaka ya Allah ilipovunjwa. Sisi je? Yatima akidhulumiwa mbele yetu, kimya. Futari ikichelewa kidogo, nyumba nzima inaungua kwa maneno, na watoto wanasikia. Jamani, adui yuko wapi hapo?

Mtume katufunza: ukichokozwa, jikumbushe na mwambie mwenzio kuwa umefunga. Hicho ndicho kifuko chako.

Amali ya leo: kama kuna mtu mligombana, kwa nyavu au kwa mpaka wa shamba, na sasa mnasimama safu moja ya tarawehe bila ya salamu, anza wewe. Leo, kabla ya magharibi. Usingoje Idi, huna hakika nayo.

Ya Allah, tujaalie tukasirike kwa ajili Yako na tusamehe kwa ajili Yako. Utukubalie saumu zetu. Amin.

Mfikishie na mwenzio.