JANI LIGEUKALO KABLA YA WAKATI WAKE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baadu.

Ndugu msomaji, kila mtu wa pwani aujua mkungu: majani yake huwa mekundu kisha huanguka, wala hapana ashangaaye, kwa kuwa ndiyo desturi yake. Lakini mti usio na desturi hiyo ukigeuka manjano mwanzo wa kiangazi, na miti jirani ingali mibichi, watu huulizana: Ni jicho la nani? Ni mkono wa nani? Basi swali letu ni hili: je, yamhalalikia Mwislamu kulifanya jani kuwa hati ya kumshitaki jirani yake?

Na tutwae mfano wa bara, Talatala na nchi yote ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga, kakao na migomba. Mvua huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha tangu Machi hata Mei. Ndipo mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka iwezapo kufurika uwandani. Mtu auona mti wake katika ardhi yenye maji tele, na mwezi wa Juni majani yake ni manjano. Asema: “Maji haukukosa; basi umerogwa.”

Kumbe maji yenyewe ndiyo sababu. Mizizi nayo yavuta pumzi, kwa hewa iliyo katika vitundu vya udongo. Maji yakituama siku nyingi, hewa hutoka, mizizi huoza, na mti hufa kwa kiu nao umo majini. Hapo mti huiondoa nguvu iliyomo katika majani ya kale, ukaipeleka kwa machipukizi. Rangi ya kijani hutoweka, na umanjano uliofichwa nayo huonekana. Ukame, maradhi na udongo uliochoka pia huleta mfano wa hayo. Dawa ya maji yaliyotuama ni kuchimba mfereji, si kumchimba jirani.

Atasema mtu: Kutaja sababu si kumsahau Mola? La. Surat Al-An'am yatufunza kuwa ilimu Yake yafika hata kwa jani liangukalo. Ajuaye sababu ameijua njia ya amri, wala hakumwondoa Mwenye amri.

Wala hatukanushi sihri na jicho; vimetajwa katika dini. Lakini kuwapo kwa wezi duniani hakumfanyi kila apitaye njiani kuwa mwizi. Dai lataka bayana, na jani si shahidi.

Kumbukeni mwaka wa 10 wa Hijra. Alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Maneno hayo yangeitukuza nyumba yake, naye aliyakataa: aliwafunza kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu, akawaamuru kusali. Ikiwa jua halikuachwa kuwa ushahidi wa kumtukuza mwana wa Mtume, jani la mwembe litakuwaje ushahidi wa kumdhalilisha ajuza asiye na mtetezi?

Basi ukiona jani limegeuka, inama kwanza uitazame mizizi ya mti, kisha uutazame moyo wako, usije ukawa nao umeoza kwa dhana mbaya na hali neema imekuzunguka.

Wallahu aalamu, wabillahi taufiki.