Uzi Mdomoni mwa Paka

Sangara wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa nyavu, na pia kwa kamba ndefu zilizofungwa ndoana nyingi zenye chambo. Paka wa mvuvi akiikuta kamba hiyo ufukweni aweza kumeza chambo, ndoana na uzi wake kwa pamoja. Na ichukuliwe kwamba paka huyo yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, jua limekuchwa, daktari yuko ng'ambo, Mwanza, na chombo hakiondoki hadi asubuhi. Paka amejikunyata pembeni, mate yanamtoka, na uzi unaning'inia mdomoni mwake. Mwenye paka ana simu.

Mkono unataka kuvuta. Msukumo huo ni wa huruma tupu. Lakini ndoana ina chembe, ncha iliyoelekea nyuma, na kila uzi unapovutwa chembe huzidi kuzama kooni. Hata pasipo ndoana, uzi ulionasa upande mmoja na kuteremkia matumboni hauvutwi: utumbo hujikunja juu yake mfano wa kitambaa kwenye uzi wa mshoni, kisha uzi huukata kidogo kidogo. Njia ya salama ni kuuacha, kutomlisha mnyama kitu, na kumfikisha kwa mwenye kujua, apigwe picha ya eksirei na ikibidi apasuliwe.

Katika intaneti majibu hayakawii. Mmoja asema avutwe taratibu. Wa pili, anyweshwe mafuta. Wa tatu, apewe Panadol kwa maumivu. Kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumwua paka, maana ini lake haliwezi kuivunja sumu yake, na damu hushindwa kubeba hewa. Na wote watatu walimtakia heri!

Je, nia njema yamtosha mshauri? Watu wa mwambao wamezoea kupima tendo kwa nia, wala si vibaya. Ila mgonjwa binadamu akishauriwa upuuzi aweza kuukataa, hata kukitema kidonge na kuuliza sababu. Paka hana jibu hilo. Amshauriye mwenye paka husema na mmoja, akamtendea mwingine asiyemwona. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 yataka daktari asajiliwe na Baraza, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 yakataza kumtesa mnyama. Ni vigumu kuona vipi zingemfikia mpita njia wa usiku wa manane, mwenye huruma na asiye na elimu.

Lawama zote haziendi kwa intaneti. Humo humo daktari wa kweli aweza kuandika: usiuvute, usiukate, usimpe dawa, ngoja. Ndiyo kauli bora, na ndiyo isiyopokelewa vizuri, kwa kuwa haiupi mkono kazi. Kukaa na mnyama anayeumia mpaka kuche bila kumgusa uzi kwaonekana ukatili, na jirani atasema hivyo.

Lugha nayo ina lake. Tabibu huyu huitwa daktari wa mifugo, na ng'ombe, aliye na bei sokoni, ndiye wa kwanza kufikiriwa. Paka wa nyumba haingwa, walisema wahenga. Nauli yake ya chombo hawakuitaja.

Alfajiri mwenye paka anashuka bandarini na kapu lililofunikwa khanga. Uzi ungali ukining'inia, urefu ule ule wa jana.