Ramadhani 18: Ukiwa Wafunga Safari ya Dago



Ndugu yangu, mwezi ushaanza kuchelewa kuchomoza. Giza linarudi, na wewe mvuvi wajua maana yake: taa na dagaa. Lakini giza hilo hilo ndilo kumi la mwisho. Vijana wameuliza baada ya tarawehe: twende dago au tubaki? Na tukienda, tunafunga au tunakula?

Kutafuta riziki ya watoto ni ibada, hatumkatazi mtu. Ila safari hii ipangwe kabla chombo hakijashuliwa.

Anza na maji. Bwana mmoja alimwendea Mtume ﷺ akamweleza kuwa wao husafiri baharini na maji kidogo, wakiyatawadhia watakufa kiu. Je, watawadhe kwa maji ya bahari? Akamjibu kuwa maji ya bahari ni tohara, na kilichokufa ndani yake ni halali. Kaipokea Abu Hurayra, imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Hebu litazame swali lenyewe. Wale walikuwa wameshapima maji yao! Na wewe pima. Watu watano, siku nne, lita tano kwa mtu kila siku, za kunywa na kupikia: lita 100, yaani madumu matano ya lita 20. Kama dago ni Misali, usitegemee kisima, maji matamu kule hakuna. Na bahari ikikupwa, ngalawa inabaki mbali; madumu, mchele na barafu vyote mabegani, mguu kwenye matope, huku umefunga. Wengi saumu inawashinda hapo, si kwenye kuvua. Pakieni maji yakiwa yamejaa. Kalenda mnayo mkononi: tarehe 22 na 23 ni maji mafu, bamvua inarudi mwezi ukiandama.

Atatokea mtu aseme, "Aa, Mungu yupo." Yupo, naam. Watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji mikono mitupu, wakisema wao wanamtegemea Mungu, wakifika Makka wanaombaomba. Ibn Abbas anasema ndiyo sababu ya kushuka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kutaja kuwa yaliyo bora ni ucha Mungu. Haikusema acheni mchele nyumbani. Pemba haijasahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama njiani kuja huku, imejazwa kupita kiasi. Basi ngalawa iliyopakiwa hadi maji yachungulia ukingoni, bila hata boya moja la kuvaa, usiiite tawakkul. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali, ngojeni.

Ama saumu. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, ruhusa ya msafiri ina masafa yake, marhala mbili, kilomita 80 na kidogo. Misali iko hapo mbele ya Wesha, haifiki hata robo, kwa hiyo funga na sali kamili. Anayekwenda Mafia kayavuka masafa. Njiani ana ruhusa, madhali kaondoka kwake kabla ya alfajiri. Lakini akinuia kupiga dago mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, pale pale anapofika ruhusa imekwisha. Wengi hawalijui hili, wanakula mwezi mzima! Na aliyefunga akazidiwa kweli na kazi au kiu, afungue, alipe baadaye. Nia ya usiku asiiache.

Usiku wa Laylatul Qadr usiuone umekupita kwa kuwa uko majini. Wewe uko macho usiku kucha, wangapi msikitini wanasinzia? Nyavu zikishatupwa, kuna saa nzima ya kungoja. Badala ya kupiga soga, omba msamaha, msalie Mtume. Kibla kisikusumbue: Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwetu, dira ikikuonyesha kaskazini, elekea huko. Ukichelea chombo kupinduka ukisimama, sali umekaa.

Limebaki la nyumbani, na hili ndilo linalosahauliwa. Usimwache mama watoto na ahadi ya "nikirudi." Acha cha futari na daku. Deni unalodaiwa lisemwe, liandikwe, mtu alijue. Na kwa kuwa huna hakika ya kurudi kabla ya Idi, zakatul fitri inajuzu kutolewa tangu mwanzo wa mwezi: pishi ya mchele kwa kila roho, wewe na unaowalisha. Itoe kabla hujaondoka, au muwakilishe ndugu yako na umkabidhi mchele wenyewe mkononi.