Kona ya mchezo ndani ya parseli: ni ya nani?

Swali letu linaonekana dogo: mtoto akicheza peke yake nyumbani, mchezo ule ni wake ao ni wa mzazi?

Kwa wazee wetu swali hili halikuwako. Uwanja ulikuwa mpana, nyanya anachambua maharagwe chini ya mwembe, macho yake yanafika kila pahali. Watoto walifinyanga ng'ombe za udongo, na hakuna aliyewapangia. Leo, hapa Shari na Bunia nzima, parseli zimekatwa-katwa. Tangu mwisho wa 2017 jamaa nyingi zimekimbia Djugu, na nyumba moja inabeba jamaa mbili ao tatu. Inje kuna pikipiki. Basi tunafunga mlango, tunawasha televizyo, tunasema tumemchunga mtoto.

Kumbe kona ya mchezo haiombi feza. Kivuli kidogo mbali na moto, mkeka, mchanga, vifuniko vya chupa, makopo ya sardini, kambambili za zamani za kukata magurudumu. Vitu viwe chini, pale mkono wake unafika. Bidoni za maji na kisima vifunikwe. Kisha mama aendelee na kazi yake, anasikia sauti. Ugumu ni kunyamaza. Sisi walimu ndio tunashindwa zaidi: gari ikiwekwa kichwa chini, tunakimbia kusahihisha.

Na siku moja mtoto anaokota kijiti, anakifanya bunduki. Tumnyang'anye? Wengi watasema ndiyo, na tunawaelewa. Katika 2002 na 2003 watoto wa Ituri walipewa bunduki za kweli. Juu ya jambo hilo Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimtia hatiani Thomas Lubanga, Machi 2012. Lakini kadogo hakuwa na ruhusa ya kutupa silaha na kusema: sasa mimi ni muuza mandazi. Anayecheza anaweza. Mara kijiti kile kinakuwa mwiko. Kwa maoni yetu mzazi asinyang'anye, aangalie. Mchezo ukirudia kila siku bila kubadilika, ao ukiumiza mwenzake, hapo aketi naye chini, amuulize ameona nini.

Bado kuna binti. Mapatano ya Haki za Mtoto ya 1989, ambayo nchi yetu iliyakubali 1990, yanampa kila mtoto haki ya kucheza, kifungu cha 31. Lakini kijana anapewa kona, dada yake wa miaka saba anapewa mtoto mchanga mgongoni. Kazi ya nyumba inafundisha, hatukatai. Ila mkeka ukitandikwa, utandikwe kwa wote wawili, na kwa saa ile mtoto mchanga arudi kwa mama yake, ao kwa baba, kama yuko nyumbani.