Chai Iwe Chakula

Ndugu zangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mnaopika kwa mtungi mdogo wa gesi kwenye chumba cha kupanga, nisikilizeni! Tumezoea kuamka, kuchemsha maji, kutia majani na sukari, kisha kuketi na andazi na kusema tumekunywa chai. Saa nne haijagonga, mtoto anasinzia darasani na baba mikono imelegea kazini. Chai ya rangi huchangamsha, haijengi mwili. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu kama 48 za protini kwa siku, na kikombe hicho hakimpi hata moja. Kinachompa ni sukari: vijiko vitatu mara mbili, tayari amefikia gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri tusizivuke kwa siku nzima.

Basi ingieni jikoni. Kwa watu wawili, twanga kipande cha tangawizi, iliki nne, karafuu mbili na kijiti cha mdalasini. Vichemshe kwenye glasi moja ya maji kwa dakika kumi. Msiitie tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa, nawasihi, maana ina kimeng'enya kinachoyakatisha. Moto wa maji hukiua kwanza. Tia majani ya chai vijiko viwili vidogo, kisha nusu lita ya maziwa, yachemke barabara. Sasa fanyeni lile ambalo wengi hawalifanyi: korogeni vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya unga kwenye maziwa kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe, mkamimine humo sufuriani. Chujeni, kisha mimineni kutoka jagi hadi jagi, mkono juu, mpaka povu lisimame. Kila kikombe kitakuwa na gramu kama 12 za protini, sawa na mayai mawili! Na kwa utamu wa iliki na mdalasini, kijiko kimoja cha sukari kinatosha.

Mtaniambia maziwa ni ghali. Ni ghali kweli, sibishi. Lakini pesa ya soda ya jioni tunaipata, na soda haina protini. Yule ambaye maziwa humsumbua tumbo atumie maziwa ya soya, yanayokaribia ya ng'ombe kwa protini; ayatie mwishoni, moto ukiwa mdogo, yasikatike.

Na ninyi wafugaji, mnaokamua alfajiri na kupeleka ndoo nzima kwa mnunuzi, mkarudi kuwanywesha watoto wenu chai kavu! Nawaomba kwa moyo wote, bakizeni nusu lita. Ng'ombe ni wenu, majani mmekata ninyi, na mtoto wa kwanza kustahili maziwa yale ni wa kwenu.

Jambo moja msilipuuze: chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha. Isinywewe pamoja na mlo huo, subirini saa moja. Mama mjamzito asimeze kidonge chake cha chuma kwa chai hii.

Usiku huu, kabla hamjalala, twangeni viungo na kuvifunika. Kesho mtoto asitoke mlangoni na chai ya rangi tumboni.